Kadi Niliyoichapa Ruti

Mwezi uliopita nilipanga jina la Mzee Tibesigwa kwa herufi za risasi, vile vipande vya madini vya kuchapia, moja baada ya nyingine, kama alivyonifundisha mwenyewe: kutoka kushoto, herufi zikiwa kichwa chini miguu juu, kidole gumba kikizuia mstari usianguke. Mkewe, Maama Peninah, alikuwa amenipigia simu asubuhi kutoka Rugaaga akaniambia mzee alilala hakuamka, na kwamba watu wa kanisa wanataka karatasi za ibada ya mazishi, na mimi ndiye nitakayezifanya, si mwingine. Nina kompyuta mbili katika duka langu hapa Ruti. Kazi ile ningeweza kuimaliza kabla chai haijapoa. Sikutaka. Nilifunga mlango wa barabarani, nikavuta droo za herufi, nikaanza, na kazi ya saa mbili ikanila siku nzima, kwa sababu kila nilipofika mstari wa chini, ule uliosema kwamba marehemu alikuwa mchapaji mwaminifu, mkono ulikataa. Maneno yale si ya uongo. Ila kuna mwaka ambao baadhi ya watu wa Mbarara waliacha kumwita mwaminifu, naye hakujitetea, na aliyesababisha nilikuwa mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Pale Rubondo, upande wetu wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, watu walinijua kwa mwandiko. Niliandika majina ya makanisa kwenye vitambaa, namba za viwanja kwenye mbao, barua za watu wasiojua kalamu, na mara moja niliandika ubavuni mwa jeneza kwa sababu fundi alikuwa amekosea jina. Mchungaji wetu alipotaka kumwoza binti yake, alinituma Mbarara na maneno ya kadi za harusi. Nikaelekezwa Ruti, kando ya barabara ya Kabale, nyuma ya duka la mbolea, kwenye chumba kirefu chenye dirisha moja na harufu ya wino na mafuta ya taa. Ndani alisimama mzee mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi, mbele ya meza ya mteremko iliyogawanywa visanduku vidogo vidogo. Mkono wake wa kulia ulichota vipande vya chuma humo kama kuku anayedonoa mtama, wala hakutazama anachochota. Nilimpa karatasi ya mchungaji. Akaisoma, akaiweka chini ya jiwe, akaendelea na kazi yake. Nami nikabaki pale pale.

"Wewe nangoja nini?" aliniuliza baada ya muda. Kiswahili chake alikipata jeshini akiwa kijana, na tangu hapo hakukirekebisha.

"Naangalia tu, Mzee."

"Naangalia nini?"

"Mikono."

Akacheka, akanitupia kipande kimoja. Kilikuwa kizito kuliko nilivyodhani, na baridi. "Sema, hii nani?"

"Ni n."

"Hapana. Iko u. Hapa kila kitu natembea kinyume. Kuja wiki kesho kuchukua kadi yenu."

Wiki iliyofuata nilikuja kuchukua kadi, na nilikuja na nguo zangu kwenye mfuko. Nilimwambia nataka kujifunza. Alinitazama, akautazama mfuko, akaingia ndani kuzungumza na mkewe kwa Kinyankore kwa muda mrefu, na aliporudi alinionyesha chumba kidogo kilichounganishwa na karakana, ukuta wake wa mbao peke yake ukinitenga na mashine. Humo kulikuwa na kitanda, ndoo, na marobota ya karatasi yaliyofika dirishani. Ndipo nilipolala siku za kazi kwa mwaka mzima, na Jumamosi mchana nilipanda gari la mizigo kurudi Rubondo kwa mama. Kupitia mbao zile nilisikia kila kitu: Mzee akiimba nyimbo za kanisa bila kumaliza hata mmoja, wateja wakibishana rangi ya bahasha, Maama Peninah akilalamika kwamba mumewe ananuka kama gari bovu. Saa saba alituletea matoke na mchuzi wa karanga katika sufuria iliyofunikwa kwa jani, na siku za furaha eshabwe, samli iliyopigwa mpaka ikawa nyeupe, ambayo mimi niliyezoea bugali na sombe ya majani ya muhogo niliiogopa mwezi mzima kisha nikawa nailamba sahani.

Mzee hakunipiga wala kunitukana. Nilipokosea alipiga meza. Kosa langu kubwa la mwanzo lilikuwa kubana maneno. Nilitaka yaingie yote, mstari ujae, karatasi isipotee, kama mtu aliyezoea kuandika barua kwenye vipande. "Hewa!" alifoka. "Pea yeye hewa! Hii maneno nakufa!" Akachukua vipande vile vya chuma visivyo na herufi, ambavyo kazi yake ni kutenganisha neno na neno, akavipenyeza kimoja kimoja, na jina la bibi harusi ambalo nilikuwa nimelikaba koo likakaa katikati ya kadi kama mtu aliyekaribishwa kiti. Nimekuwa mbunifu wa machapisho kwa miaka karibu ishirini tangu wakati huo. Nimechora majalada ya vitabu, mabango ya kampeni za chanjo, lebo za asali na maziwa, na watoto wa chuo wanakuja kuniuliza kwa nini bado nakanyaga mashine ya mguu wakati kompyuta ipo. Huwa nawaambia habari ya uzuri wa alama ile inayozama ndani ya karatasi, ambayo kipofu angeweza kuisoma kwa kidole. Ni kweli, ndiyo. Lakini napenda herufi za risasi pia kwa sababu zina uzito. Jina la mtu likiwa mkononi unalisikia. Nilichelewa kulijua hilo, na mtu wa kwanza kuumia kwa kuchelewa kwangu alikuwa Yaya Esperansi.

Nilimwita yaya, yaani dada mkubwa, kwa kuwa alinizidi miaka minane, na kwa sababu mlango wake ulitazamana na wetu. Alikuwa Mrundi, Mkatoliki, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, muuza nyanya. Mumewe aliitwa Deo. Walikuwa na watoto wawili wa kiume, na msichana wa miaka sita aliyeitwa Diane. Diane alikuwa mtoto wa mdogo wake Esperansi, aliyekufa siku ya tatu baada ya kujifungua, hapo hapo Rubondo. Nilikuwa kwenye maziko yake. Lile jeneza nililoliandika ubavuni lilikuwa lake. Esperansi alimchukua mtoto siku ile ile akamnyonyesha pamoja na wake mdogo, na mtoto hakuwahi kumjua mama mwingine. Lakini siku ya kuandikisha familia, Esperansi aliulizwa huyu ni nani, naye akajibu kweli: mtoto wa ndugu yangu. Neno hilo likaingia katika daftari na kukaa humo miaka sita bila kumsumbua mtu.

Kisha majina yao yakabandikwa ubaoni. Walikuwa wameitwa kwenye mahojiano ya kusafiri ng'ambo. Jumamosi hiyo niliporudi, Rubondo nzima ilikuwa inazungumza habari hiyo. Nilikwenda kisimani kuchota maji, na kwenye foleni wanawake wawili walikuwa wanasema mbele yangu bila kujua kwamba nasikia, au wakijua.

"Esperansi ataenda, lakini ule mutoto wa kike atabaki. Hana papié, hata karatasi moja."

"Banaweza kumuacha fasi gani? Hana mutu."

"Ile ni mambo yabo. Kama hauko mama yake mu kitabu, hauko mama yake."

Sikujua kama walikuwa wanasema kweli, na wao pia hawakujua. Kambini maneno ya namna ile yalitembea haraka kuliko barua ya ofisi. Lakini Esperansi alikuwa ameyasikia kabla yangu. Jumapili alinialika kula. Alikuwa amepika maharage na ndizi, kwa mafuta mengi, kama tunavyompikia mgeni, na hapo nilipaswa kushtuka. Deo hakuwapo. Wavulana walikuwa nje. Diane alikaa kwenye mkeka kati yetu, akitoa maharage moja moja kutoka sahani yangu na kuyahamishia kwenye yake, na hakuna aliyemkataza.

"Mudogo wangu," Esperansi alisema, "ile imprimeri yenu inachapa karti za ubatizo za parokia, si ndiyo?"

"Ndiyo, yaya. Tunachapa wiki hii."

"Nakuomba moja."

Nilifikiri hajui. Nikamweleza kwamba kadi tunazochapa ni tupu, padri ndiye anayejaza majina.

"Najua kama ni tupu," alisema. "Wewe unajua kuandika kuliko padri."

Nje mtu alikuwa anapiga msasa kigoda, na sauti ile ikaendelea na kuendelea. Esperansi hakunibembeleza. Alisema tu kwamba Diane alibatizwa kweli, kwamba hataki kumwibia mtu chochote, kwamba ni mstari mmoja tu, pale penye jina la mama. "Mama yake alikufa," alisema, "na mimi ndiye namulea. Nani mungine ataitwa mama? Unambie, Wabiwa. Kama unajua mungine, unambie jina lake, twende tumuone."

Nikasema nitaona. Akamfuta Diane mdomo kwa kanga yake, akasema, "Mungu akubariki," kama mtu ambaye ameshapewa.

Jumanne, Mzee alipokwenda mjini kupeleka kazi ya mteja, nilibaki nikisema tumbo linauma. Herufi za kadi ya parokia zilikuwa zimefungwa kwenye fremu yake, tayari kwenye mashine, na rundo la kadi za parokia lilikuwa limekwisha, limekaushwa na kufungwa. Nilipaka wino, nikaweka karatasi moja, nikakanyaga. Mashine ilisema neno lake lile lile, kama vile ilikuwa kazi ya kawaida. Kadi ilitoka nzuri. Ilipokauka niliingia chumbani kwangu nikaijaza kwa kalamu ya wino: jina la mtoto, jina la baba, Deo, jina la mama, Esperansi, tarehe ya miaka sita nyuma. Nikatia saini ya padri aliyekuwa pale zamani, ambayo niliikumbuka kutoka kadi nyingine. Nikaikunja kidogo, nikaisugua kwa majani ya chai ipate uzee. Ninaona aibu kusema kwamba nilifurahi. Nilikuwa najivunia mkono wangu. Sikumwona Diane hata kidogo katika saa ile. Niliona tu jinsi mkia wa y kwenye jina la ukoo ulivyoteleza vizuri.

Kwa wiki tatu halikutokea neno. Esperansi na Deo walihojiwa, wakarudi wakicheka. Kisha mchana mmoja nilikuwa chumbani nakata karatasi, nikasikia pikipiki imesimama, na sauti ya mtu mwingine karakanani. Alikuwa padri wa parokia ile. Hakusalimu kwa urefu, na kwa Mnyankore kutosalimu kwa urefu ni habari yenyewe. Alizungumza Kiswahili, nadhani ili wauzaji wa duka la mbolea wasielewe vizuri.

"Mzee, angalia hii kadi."

Nilijua Mzee ameipeleka dirishani, na ameinua miwani.

"Ni kazi yangu," alisema Mzee.

"Kazi yako ya lini?"

Mimi pale nyuma ya mbao nilikuwa bado sijaelewa swali. Kisha likaniingia, na makasi yakaanguka kutoka mkononi mwangu. Miaka sita nyuma kadi za parokia zilikuwa na ukingo wa mistari miwili iliyonyooka. Mwaka ule, kwa ombi la padri huyu huyu, tuliuondoa tukaweka ukingo wa majani ya mzabibu. Mimi mwenyewe niliupanga ukingo ule, kipande kwa kipande, siku mbili. Kadi ya Diane ilidai kuwa ya zamani, huku ikivaa nguo mpya niliyoishona kwa mikono yangu.

"Ofisi ya kambi walinileta mimi hii waniulize," padri alisema. "Nikafungua kitabu. Kwa kitabu mama iko mwingine, tena amekufa. Nani ameandika hapa, Mzee? Nani ameweka sahihi?"

"Padri, mimi ndiye naongoza hii nyumba. Kitu yote natoka hapa iko yangu."

"Sikuuliza hivyo."

"Na mimi najibu hivyo."

Padri hakuwa mtu mbaya. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. Alisema kwamba hawezi tena kuleta kazi ya parokia mahali ambapo kadi zinatembea zenyewe, na kwamba itabidi awaambie na mapadri wengine. Mzee alisema, "Kale," yaani sawa. Pikipiki ikaondoka. Nilisubiri aniite. Hakuniita. Saa saba Maama Peninah alileta chakula, na Mzee alinisogezea sahani kama kawaida, akapunguza nyama kutoka kwake akaongeza kwangu, kama kawaida. Kile kipande cha nyama nilikitoa mdomoni nikakishika mkononi mpaka alipoondoka.

Siku tatu tulifanya kazi hivyo. Kazi za parokia, pamoja na vitabu vya risiti vya shule zao, ndizo zilizokuwa zinalipia karatasi na mshahara. Bila hizo tulibaki na kadi za harusi, na harusi zilikuwa zinahamia kwenye maduka ya kompyuta mjini. Mwanamume mmoja aliyekuja kuchukua kadi zake za biashara alisimama mlangoni akamwuliza Mzee, kwa sauti ya mzaha, kama anaweza pia kumchapia digrii. Mzee alimfungia mzigo wake bila kujibu, akafunga fundo mara mbili. Usiku ule, kupitia ukuta, sikusikia wimbo wowote.

Siku ya nne nikaja mbele ya meza yake nikasema, "Mzee, ni mimi."

"Najua," alisema bila kuinua kichwa. "Ile mkia ya y. Hapa Mbarara yote ni wewe tu naandika hiyo mkia."

"Kwa nini hukusema?"

"Mimi nangoja wewe utasema." Akaweka chini kijiti chake cha kupangia herufi. "Sikia, binti. Mtu hakukuwa huko siku mtoto nabatizwa. Hawezi kuona. Basi naamini karatasi. Na karatasi natoka wapi? Natoka kwa sisi. Sasa kama sisi nadanganya, huyo mtu ataamini nani?" Hakupiga meza. Ningependa angepiga. Kisha akanieleza jambo ambalo sikulijua, ambalo padri alimwambia pale mlangoni kwa sauti ya chini. Ofisi haikuona uongo mdogo wa mwanamke mwenye huruma. Iliona mtoto aliyebadilishiwa mama kwa karatasi, na kwa ofisi hiyo ni dalili ya mtoto aliyeibwa. Walikuwa wanapanga kumwondoa Diane nyumbani kwa Esperansi, akae na watu wengine mpaka ijulikane ni wa nani.

"Kesho tunaenda," alisema Mzee.

Natamani kuandika kwamba nilikubali papo hapo. Sikukubali. Nilisema mama yangu ana faili katika ofisi ile ile, jina langu limo, wakijua tutaondolewa kwenye kila orodha. Nilisema watanifunga. Nilisema kwani Esperansi hawezi kusema mwenyewe? Nililia. Mzee alisubiri nimalize, kisha akaniuliza kitu kimoja tu: "Huyo mtoto anaitwa nani?" Nikamwambia. Akarudia jina, polepole, kama anapokea agizo la kazi. "Diane. Kale. Kesho saa moja."

Alivaa koti lake la kanisani. Tulipanda gari la mizigo, yeye mbele, mimi nyuma juu ya magunia ya chumvi, na nilipofika nilikuwa na vumbi mpaka kwenye meno. Mwanamke wa ofisi alikuwa kijana, Mganda, mwenye daftari kubwa, na alitusikiliza bila kutukatiza. Nilisema kwamba kadi niliichapa mimi, niliijaza mimi, saini ni yangu. Nilisema mama wa mtoto alikufa Rubondo na nilikuwa kwenye maziko, na jina lake niliandika mimi kwenye jeneza. Wanaweza kumwuliza yeyote. Nilisema Esperansi ni dada wa marehemu, tumbo moja. Kila nilichosema alikiandika, na mara ya kwanza maishani nilitamani mwandiko wa mtu uwe mbaya, usisomeke.

"Unajua hii ni kesi ya polisi?" aliniuliza.

"Najua."

Mzee alikohoa. "Madamu, kama nafunga, funga sisi wawili. Mashine iko yangu."

Alitutazama kwa zamu, mzee na koti lake, mimi na vumbi langu. Akasema turudi nyumbani, tutaitwa. Hatukuitwa na polisi. Lakini mambo yaliyofuata yalikuja moja moja, na hayakukosea njia. Diane aliachwa nyumbani kwa Esperansi, kwa kuwa majirani walithibitisha kila neno. Jina lake likaondolewa kwenye safari mpaka ipatikane hati ya malezi kutoka wilayani, na la Esperansi likaondolewa pia, kwa sababu ya kadi. Deo na wavulana wakaruhusiwa. Faili letu sisi liliwekwa pembeni. Mama yangu aliambiwa hivyo dirishani, mbele ya foleni, akarudi nyumbani akakaa kwenye kizingiti. "Batu bataenda," alisema. "Siye tutabaki." Hakunigombeza. Kwa miaka mingi baadaye, kila familia ilipoondoka Rubondo, alikaa kwenye kizingiti kile, na mimi nilijua anahesabu.

Mzee hakunifukuza. Aliuza mashine kubwa, akabaki na ile ya mguu, na akaendelea kunifundisha kana kwamba kuna kazi. Watu walipomwuliza kwa nini parokia ilimwacha, alisema walitafuta bei ndogo. Hata mkewe alimwambia hivyo. Maama Peninah aliujua ukweli kutoka kwangu, kaburini, mwezi uliopita, na alinishika tu bega. Tena ni Mzee aliyekwenda na Esperansi wilayani kuifuata ile hati ya malezi, kwa sababu raia mwenye koti husikilizwa kuliko mkimbizi mwenye kanga. Ilichukua safari nyingi, na ilipopatikana Deo, aliyepaswa kuwaita kutoka ng'ambo, alikuwa ameacha kujibu simu. Esperansi bado yuko Rubondo. Wanawe humpigia siku za Jumapili, na anasema Kirundi chao kimekuwa kama cha wageni. Mimi nilibaki Ruti, nikasoma kompyuta mjini, nikawa nilivyo. Mpaka leo sichapi vyeti wala kadi za sakramenti. Wateja wanadhani ni dini.

Siku ya safari ilikuwa asubuhi, kwenye uwanja ulio mbele ya ofisi, mwisho wa mwaka ule. Nilikuja nikasimama mbali, ukutani, maana Esperansi hakuwa amenisemesha kwa miezi mitatu. Tukikutana kisimani aligeuza uso. Deo alikuwa amevaa shati jipya. Wavulana walikuwa na mifuko ya plastiki yenye karatasi zao, imening'inia shingoni. Yule mkubwa alipanda ngazi ya basi, akageuka.

"Mama hapandi?"

"Atakuja na ingine," alisema Deo, akamsukuma mgongoni taratibu.

Mtoto akakaa dirishani. Hakulia. Alimtazama mama yake kwa makini sana, na mama yake alimpungia mkono, akatabasamu, akapunga, akatabasamu, mpaka basi likageuka kwenye kona na vumbi likashuka. Watu wakaanza kutawanyika. Esperansi alibaki pale pale, mkono bado juu, na Diane kando yake akiwa ameshika upindo wa kanga. Kisha akaushusha mkono, akatazama huku na huku, akaniona. Nilidhani atageuza uso.

"Wabiwa," aliita. "Kuja unishikie mutoto."

Nikaenda. Vidole vya Diane vilikuwa vinanata kwa muwa. Tukaanza njia ya kurudi Rubondo, Esperansi mbele, akitembea kama mtu aliyebeba maji kichwani asiyetaka yamwagike, sisi wawili nyuma yake. Karibu na bonde Diane alinivuta mkono.

"Yaya, ile basi itarudi kutuchukua?"

Majibu mazuri yalinijia mengi, na yote ningeweza kuyasema vizuri. Nikamwambia sijui.